Tokea Nyuma

Mama yangu si mtu wa kutema mate. Alitulea hivyo: mafua kwenye leso, kikohozi kwenye kiwiko, mate yamezwe. Kwa hiyo siku niliyomwona amesimama katikati ya duara la kutupia tufe, duara analolifagia kila asubuhi kabla hajanywa chai, akatema palepale kwenye saruji, nilisahau kazi ya kuchomelea iliyonipeleka pale. Nilijua kuna kitu kimeoza kuliko mtaro.

Mtaro wenyewe ulikuwa umeoza vya kutosha. Wakimbiaji wa chuo wana uwanja wenye majani yaliyokatwa na bomba la kumwagilia. Watupaji wamewekwa nyuma ya jiko la bwalo, mahali maji ya kuoshea masufuria yanapotokea ukutani na kujitafutia njia. Tufe likienda mbali linaangukia kwenye mafuta na makombo. Nimewaona mabinti wakiliokota humo kwa mikono mitupu, wakilifuta kwenye kaptula na kurudi kulibana shingoni kana kwamba ni kitu safi. Harufu ile ilimfuata Mama hadi nyumbani. Baba, ambaye aliendesha malori maisha yake yote na sasa anaendesha redio tu, kila akimsikia mlangoni alisema, "Karibu, mke wangu. Leo bwaloni wamepika samaki."

Nilikuwa pale siku ile kwa sababu nguzo ya wavu wa kisahani ilikatika kwa kutu, na chuo kikasema hakina fundi. Fundi nipo. Nachomelea mageti ya watu, na tangu nijue kushika nyaya nimekuwa nikiunga vyuma vya uwanja ule bure, huku natukana. Mama hukataza na matusi pia. Hilo limemshinda.

Aliingia chuo kile akiwa mwanafunzi mwenye mkono mzito. Akashinda, akamaliza masomo, wakamwambia abaki kwa muda awasaidie wenzake. Muda ule ndio ukawa kazi. Kila mwaka mkataba mpya, kila mwaka wa muda. Makocha wakuu walikuja na kuondoka, wote watu wa mbio, wote wadogo kwake, wote wakimwita "Mama" kwa ile sauti ya kumwita mtu aje afute meza. Duara tulilimimina mimi na yeye, kwa saruji iliyobaki kwenye ujenzi wa choo cha walimu. Vikombe alivyoleta viko kwenye kabati la kioo ofisini kwa Mkuu wa Chuo. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa jina lake.

Kitu kimoja tu kilikuwa chake kabisa, nacho ni kutokea nyuma. Sheria ya tufe ni fupi: ukishatupa, unatulia, kisha unatoka kwa nusu ya nyuma ya duara. Ukitokea mbele, hata kama tufe limekwenda kuvunja dirisha la bwalo, mtupo umekufa. Makocha wengine huitaja sheria hii mara moja na kuisahau. Mama aliifanya adabu. Mtu wake hakuruhusiwa kutokea mbele hata akiwa anafagia, hata akiwa amefuata kiatu. "Umeshatupa, tufe limeondoka, hulimiliki tena," alikuwa akiwaambia. "Kilichobaki kwako ni kuondoka kama mtu aliyelelewa." Nyumbani nilikuwa nikiruka kizingiti cha jikoni kwa haraka, naye ananirudisha: "Nyuma!" Baba anacheka hadi anakohoa.

Basi siku ile ya mate. Kabla ya kutema, alikuwa stoo. Stoo ndiyo ofisi yake: mikuki pembeni, visahani kwenye kreti la soda, meza yenye mguu mmoja nilioubandika mimi. Nilikuwa ndani natafuta waya alipoingia Mkurugenzi wa Michezo. Sisi nyumbani tunamwita Suti, kwa kuwa huivaa hata siku ya kuruka kwenye mchanga. Alitandika leso juu ya kiti ndipo akakaa. Kiti Mama anachokalia kila siku.

"Mama Kocha, nimekuletea zawadi."

"Kama si saruji, rudi nayo."

Akacheka kicheko chake cha kuomba kura. Kila mtu chuoni alijua anautaka unaibu mkuu, na kwamba alihitaji kombe la kwenda nalo kwenye kikao. "Zawadi inayotembea. Mwanafunzi mpya, mwaka wa kwanza. Tufe lake, we! Michezo ya vyuo mwaka huu tumemaliza."

"Mwaka wa kwanza aliyeanza lini? Muhula huu uko ukingoni."

"Ya usajili niachie. Wewe shughulika na mkono."

"Mkono ninao. Kila chuo kinaingiza mtupaji mmoja, na wangu yupo."

"Yule bubu?"

"Si bubu. Hana la kukwambia wewe."

Walikuwa wakimsema Kimya, binti wa mwaka wa mwisho ambaye kweli maneno yake ni ya kubana. Alikuja chuoni hajui tufe linashikwaje. Sasa alikuwa anatupa vizuri kiasi kwamba wapishi walitoka nje kutazama, na michezo ile ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho: mshindi wa tufe huitwa kambi ya taifa. Wa pili hupewa soda.

Suti akapangusa goti lisilo na vumbi. "Mkataba wako unaisha mwezi huu, sivyo? Kombe likija, nakuombea wa kudumu. Naapa. Lisipokuja, Mama yangu, mimi ni nani nipigane na bajeti?" Kisha akaita nje, "Binti, ingia."

Binti akaingia, na mimi nikaachia waya.

Alikuwa Jiwe. Jina hilo alipewa na Mama mwenyewe, miaka mingi nyuma, alipokuwa mwanafunzi wake. Kwao kulikuwa mbali, kwa hiyo likizo zote alilala kwetu. Alikula nasi, akanipiga mieleka hadi nikalia, nikamwita dada. Hajatokea mtupaji kama yeye chuoni pale. Alimaliza, akaajiriwa na kampuni ya ulinzi kwenye timu yao, na sikukuu zote alimpigia Mama simu. Sasa alisimama mlangoni, mwanamke mzima mwenye makunyanzi ya kwanza machoni, na shingoni amening'iniza kitambulisho cha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Picha yake, jina la mtu mwingine.

Mamluki. Dada yangu kaja nyumbani kama mamluki.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba," Mama akasema, macho kwenye kitambulisho. "Hujambo, mgeni?"

Suti akapiga makofi. "Mmeshaanza kuelewana!"

Mama akampita, akatoka, akaenda kwenye duara akatema. Halafu akachukua ndoo na ufagio, akaosha alipotema.

Jioni nilisema nitamfuata Suti nimkunje na suti yake. "Ukimgusa utaleta harufu yake humu ndani," Mama akajibu. "Tuna harufu ya kututosha." Tayari alikuwa amekwenda kwa Mkuu wa Chuo. Mkuu alimsikiliza akiwa ameligeuzia mgongo kabati la vikombe, akamwambia mambo ya michezo amwone Mkurugenzi wa Michezo. Kisha akamuuliza kama mwanawe fundi anaweza kuja kuangalia geti la nyumbani kwake. Nilicheka hadi tumbo likauma. Hasira ikizidi hutokea mahali popote.

Tulikuwa bado mezani Jiwe alipobisha hodi, mkononi mfuko wa machungwa. Baba akamkaribisha kwa sababu Baba humkaribisha hata mdai. "Pita, mwanangu! Umenenepa, afadhali, ulikuwa mguu wa meza."

"Jina lako nani siku hizi?" Mama akauliza.

"Mama, usinifanyie hivyo."

"Nimeuliza jina, sijakutukana."

Jiwe akabaki amesimama na machungwa yake. "Kampuni imevunja timu. Wametutoa wote, bila hata asante. Nina mtoto, Mama. Mkurugenzi amenitafuta mwenyewe, amesema nikishinda ananipa kazi hapa chuoni. Kazi ya kweli."

"Kazi gani?"

"Ukocha. Msaidizi, watupaji."

"Msaidizi wa nani?"

Baba alizima redio. Watupaji wa chuo kile wana kocha mmoja, na alikuwa pale mezani, anaokota makombo ya mkate kwa ncha ya kidole. Nilimwona Jiwe akielewa. Lilimshuka taratibu, usoni, shingoni, hadi mfuko ukalegea mkononi. Suti alikuwa ameuza kiti kimoja mara mbili, na wanunuzi wote wawili aliwatafuta humu humu ndani ya nyumba moja.

"Sikujua," Jiwe akasema. "Haki ya Mungu, Mama, sikujua ni kiti chako."

"Na kingekuwa cha mwingine kingekuwa kitamu?"

"Nifanye nini sasa?"

"Nilishakufundisha. Sina somo la pili." Mama akainuka, akachukua sahani yake. "Machungwa rudi nayo kwa mtoto."

Nilitegemea Jiwe hatatokea siku ya michezo. Mama naye alitegemea hivyo. Asubuhi alimwambia Kimya, "Beba viatu vyako na uvae kaptula ndani ya suruali. Aliyeandikwa na Mkurugenzi asipofika, wa akiba anaingia." Kimya akaitikia kwa kichwa. Nilikwenda nao kwa sababu Mama hakuniamini niachwe peke yangu na hasira zangu.

Jiwe alifika. Alishuka kwenye gari la Suti, mlango wa mbele. Kimya alimtazama akipita, kisha akakaa kwenye benchi, mkoba wa viatu mapajani, ameushika kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake.

Mwamuzi wa duara alikuwa kijana mmoja mwenye vibendera viwili na kofia mpya. Nikaitazama ile kofia. Rangi za chuo chetu, nembo ya chuo chetu. Kofia zile zilikuwa zinakaa kwenye buti la gari la Suti.

Jiwe akaingia. Akafuta nyayo kwa kitambaa, akalibana tufe shingoni, akaenda. Mguu, nyonga, mkono: kila kipande kilikuwa cha Mama, hakuna alichosahau. Tufe likapaa, likaenda kutua peke yake, mbali na alama za wenzake. Watu wetu wakalipuka. Jiwe akatulia. Akageuka akamtafuta Mama kwa macho mahali makocha wanaposimama, akampata. Kisha, akimtazama hivyo hivyo, akaruka ubao wa kuzuia mguu ulio mbele ya duara na kutoka.

Mbele kabisa. Taratibu, kama anavyotoka mtu mlangoni kwake.

Nilielewa, na nikajua Mama ameelewa. Aliyelelewa kwenye duara lile angesahau jina la mama mzazi kabla ya kusahau kutokea nyuma. Alikuwa anauua mtupo wake mwenyewe mbele ya macho ya aliyemfundisha.

Mwamuzi akainua kibendera cheupe. Halali.

Jiwe akamtazama yule kijana kwa mshangao wa kweli. Mtupo wa pili akatokea mbele tena, safari hii amekanyaga ubao wenyewe, akasimama juu yake sekunde nzima. Kibendera cheupe. Wa tatu akatokea mbele na kumpita mwamuzi karibu ya kumgusa. Cheupe. Kijana alikuwa anaangalia huko tufe linakotua, midomo imemkauka, anainua tu. Naapa binti yule angeweza kutokea mbele akiwa anacheza ngoma, na kibendera kingepanda.

Wizi nimeuzoea, geti langu moja limeibwa usiku uleule niliolifunga. Lakini hapa hata aliyetaka kujikamata alikataliwa kukamatwa. Alikiri kwa miguu yake mara tatu, na mara tatu wakamsafisha kwa nguvu.

"Ushindi!" Suti akapiga kelele. "Mama Kocha, kombe hilo! Mkataba huo!"

Mama akaondoka mahali pa makocha. Anatembea vibaya, goti moja limekufa zamani, kwa hiyo watu wote walipata muda wa kumtazama akivuka majani hadi kwa Mwamuzi Mkuu, mzee mwenye filimbi shingoni.

"Nina malalamiko. Mtupaji wa chuo chetu ametokea mbele. Mitupo yote."

Mzee akamtazama. "Mama, wewe ni wa chuo gani?"

"Hicho hicho."

"Unamlalamikia mtu wako?"

"Ningemlalamikia nani? Wengine wote wametokea nyuma."

Watu wakacheka. Suti akafika mbio, tai begani. "Mheshimiwa, samahani. Mama yetu huyu ni mgonjwa, ana kisukari, jua limempiga. Tunamheshimu sana, sana. Fundi, mchukue mama yako kivulini."

"Mama yangu hana sukari hata ya chai yako," nikasema, na nilisema mengine ambayo Mama angependa nisiyaandike.

Mwamuzi Mkuu alinyamazisha kwa filimbi. Akamgeukia Jiwe. "Binti, umetokea wapi?"

Jiwe alikuwa na mikono imejaa unga mweupe wa kushikia. Alijifuta kwenye fulana, akaiharibu. "Mbele. Yote." Akavua kitambulisho shingoni, akamwekea mzee kiganjani. "Na huyu si mimi."

Walikifuta chuo chetu kwenye tufe palepale. Suti akaanza kuongea na simu isiyopigwa. Mwenye kofia akaivua na kuikalia. Nilitaka kumkumbatia Mama, kumbeba mabegani kama walivyobebwa wakimbiaji siku zote, na nilikuwa naelekea kwake Jiwe aliponitangulia.

"Nimefanya ulivyonifundisha," Jiwe akamwambia, machozi yanamtoka. Alikuwa karibu anatabasamu.

Mama akamtazama vile alivyotazama mtaro.

"Asubuhi ungeumwa tumbo," akasema. "Ungesema mguu, kichwa, msiba. Usingeshuka kwenye lile gari. Yule pale angeingia." Akaonyesha benchi kwa kidevu. "Ulitaka nikuone unavyotubu. Basi nimekuona. Umetubu kwa nafasi yake."



Kimya alikuwa ameinuka. Viatu vya kutupia alikuwa ameshavivaa, sijui saa ngapi. "Mama," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza nisikie sauti yake ikipanda, "na mimi je?"

Mama alinyoosha mkono kumshika bega, Kimya akajitoa. Kwenye basi tulirudi watu watatu kwenye viti vitatu tofauti.

Mkataba haukuja. Jiwe alirudi kwao bila kuaga. Kazi ya ukocha alipewa binamu wa Suti, ambaye mchezo wake ni mpira wa meza. Suti mwenyewe aliundiwa kamati ya uchunguzi, naye akawa mwenyekiti wake. Nilipomweleza Baba hilo la mwisho alizima redio akasema hana haja nayo tena, vichekesho vyote viko chuoni.

Mwisho wa mwezi nilimsindikiza Mama kuchukua vitu vyake stoo: filimbi, viatu vya mvua, kikombe cha chai. Tukazunguka nyuma ya bwalo ili akaliage duara. Wapishi walikuwa wamehamishia pipa la makombo katikati yake, maana ndipo palipo na saruji. Pipa limejaa hadi mdomoni, nzi juu kama kifuniko, uji wa kijivu umemwagika hadi kwenye ubao wa mbele. Nikafungua mdomo.

"Usitukane," Mama akasema.

Nikalikumbatia lile pipa. Likanimwagikia kifuani, la uvuguvugu. Nilikuwa nimeshageukia upande wa mbele, ndio ulio karibu na mtaro, niliposikia nyuma yangu:

"Nyuma!"

Nikazunguka nalo. Nikatokea nyuma, nimeziba pumzi, nanuka kama mtaro wenyewe. Mama alikuwa ameshapata ndoo na ufagio. Akaosha, akainama na goti lake bovu, akakwangua ubao kwa ukucha.

Hatukumsikia Kimya akija. Alisimama kando na tufe lake, hajasalimia, uso bado umekunjwa kwa hasira ile ile ya siku ya michezo. Hakumtazama Mama. Alingoja saruji ikauke kidogo, akafuta nyayo, akaingia, akatupa. Tufe likaenda kutumbukia mbali kwenye maji machafu, likarusha matone hadi dirishani kwa wapishi. Akatulia. Akatokea nyuma.

Mama akakung'uta ufagio.

"Kiwiko kimeshuka," akasema. "Kalilete."

Kimya akakunja suruali, akaingia mtaroni.